Je, redio inaweza kumfanya mtu amuue jirani yake?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari mkoani Kigoma. Nilipofundisha mauaji ya kimbari ya Rwanda, mwanafunzi wa kidato cha nne aliniuliza: "Mwalimu, redio inawezaje kumfanya mtu amuue jirani aliyekuwa akila naye?" Nilimjibu juujuu tu. Tena kila uchaguzi unapokaribia, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu naona watu wazima, wasomi, wakisambaza uongo wa wazi. Saikolojia inalielezaje jambo hili, nami nilifundisheje darasani?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali lililowashughulisha majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda pale Arusha kwa miaka mitatu. Jibu fupi ni hili: redio peke yake haimfanyi mtu wa kawaida ashike panga. Inachofanya ni kumwambia kila msikilizaji kwamba wenzake wote wameshakubali, kwamba hatari imefika mlangoni, na kwamba atakayesita atahesabiwa msaliti. Wengi hudhani kazi ya propaganda ni kubadili imani iliyo moyoni mwa mtu. Mara nyingi inabadili kitu kingine kabisa: kile unachodhani jirani yako anakiamini. Nakuomba ulishike hilo, kwa sababu yote nitakayoyaeleza yanarudi hapo.

Nitakaa kwenye RTLM (Radio Télévision Libre des Mille Collines), redio binafsi ya Rwanda iliyochochea Wahutu wawaue Watutsi, kwa kuwa umeifundisha na kwa kuwa ndiyo redio ya propaganda iliyochunguzwa kwa kina kuliko nyingi. Ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Radio Rwanda, ya serikali, ilizungumza kama barua ya ofisini. RTLM ikaja na muziki wa Zaire, utani, Kinyarwanda cha mtaani, watangazaji wanaotaniana kama watu walioketi kilabuni, na wasikilizaji waliosikika hewani wakitoa maoni yao. Kuanzia hapo mpaka Aprili 1994 ni miezi tisa. Walimu wengi huanza kuisimulia RTLM kwenye mauaji, na wanafunzi wanabaki wakijiuliza nani angeweza kusikiliza kitu kibaya namna ile. Ukweli ni kwamba watu waliipenda kwanza. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu akionyeshwa neno lisilo na maana, au alama asiyoijua, mara nyingi, huanza kuipenda bila sababu nyingine yoyote. Sauti inayokuamsha kila asubuhi na kukuchekesha jioni inageuka kuwa ya mtu wa nyumbani, na maneno ya mtu wa nyumbani hatuyapekui kama ya mgeni.

Baada ya mazoea hufuata kurudia. Sisi wenyewe tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani, na mtengeneza propaganda anakula kwenye methali hiyo. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwapa wanafunzi wa chuo sentensi 60 za maarifa ya kawaida, nyingine za kweli na nyingine za uongo, wapime kila moja ina uwezekano gani wa kuwa kweli. Walifanya hivyo mara tatu, kila baada ya wiki mbili, na sentensi 20 zilirudi kila mara. Zile zilizorudi zilipanda alama, ziwe za kweli au za uongo. Ubongo husoma jambo lililozoeleka kwa wepesi, kisha huuchukulia wepesi huo kuwa dalili ya ukweli. Hapo ndipo penye jibu kuhusu wasomi wa ukoo wako: utafiti wa Lisa Fazio na wenzake wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata mtu anayeujua ukweli huathirika, kwa sababu wakati wa kusoma hajishughulishi kuutafuta ule ukweli alio nao kichwani. Elimu ni ghala, na ghala lisilofunguliwa halimlishi mtu.

Sasa tazama mbinu ya kwanza: RTLM ilirudia nini. Neno lililojulikana zaidi ni inyenzi, yaani mende. Lilikuwepo tangu miaka ya 1960, wakiitwa hivyo wapiganaji wa Kitutsi waliovuka mpaka usiku kutoka uhamishoni. Tangu vita vya Oktoba 1990, gazeti la Kangura na baadaye RTLM walilinyoosha: kwanza mpiganaji wa RPF (jeshi la waasi, wengi wao Watutsi kutoka uhamishoni), kisha anayemsaidia, kisha anayeweza kumsaidia, mwisho kila Mtutsi, hata mtoto. Kila hatua ilikuwa fupi, na hakuna siku moja ambayo msikilizaji angesema "leo wamevuka mpaka." Ukitaka kuitambua propaganda mapema, fuatilia neno moja kwa miezi kadhaa uone linawabeba watu gani. Neno likianza kwa watu waliotenda jambo fulani na kuishia kwa watu waliozaliwa hivyo, hatari imeshaingia ndani.

Mbinu ya pili ndiyo naiona kuwa moyo wa mambo yote, na darasani ningeipa muda mrefu kuliko nyingine. Baada ya mauaji, watafiti wa haki za binadamu walikuta Butare waraka uliofupisha mafundisho ya mtaalamu mmoja wa Kifaransa wa saikolojia ya matangazo na propaganda. Waraka huo ulipendekeza mambo mawili: kubuni matukio ili madai yaaminike, na "mashtaka ya kioo", yaani kumtwika adui lile hasa unalopanga kumtendea. Kioo hufanya kazi kwa sababu watu wengi hawako tayari kushambulia, lakini karibu kila mtu yuko tayari kujilinda. Ukimwaminisha mtu kwamba jirani ameshachimba kaburi lake, humwachii nafasi ya kufikiri kama yeye ndiye mkatili. Anajiona mlinzi wa watoto wake.

Jaribio lake lilifanyika miaka miwili kabla. Tarehe 3 Machi 1992 Radio Rwanda ilisoma mara kadhaa tangazo lililodaiwa kutoka kwa kikundi cha haki za binadamu chenye makao Nairobi, likisema Watutsi wamepanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Lilikuwa la uongo. Mara tu baada ya hapo mauaji yalianza Bugesera, na mamia ya Watutsi waliuawa. Angalia lilivyosukwa: chanzo kiko mbali, hakipatikani kwa simu siku ile, kina jina la kuheshimika, na habari yenyewe inamtaka mtu achukue hatua leo leo. Ferdinand Nahimana, aliyekuwa mkuu wa shirika la habari la serikali, aliondolewa kazini baada ya kashfa hiyo, na mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM.

Usiwaambie wanafunzi kwamba kila kilichotangazwa kilikuwa uongo, maana si kweli na watakuja kugundua. Vita vilikuwepo kweli. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Mhutu aliyechaguliwa kwa kura, aliuawa kweli na wanajeshi Watutsi Oktoba 1993, na RTLM ikalitumia tukio hilo kwa wiki nyingi kama ushahidi wa kitakachowapata Wahutu wote. Propaganda yenye nguvu hujengwa kama nyumba ya udongo: miti ya ndani ni ya kweli, uongo ni udongo unaokandikwa juu yake. Anayetikisa nyumba anagusa miti imara, hivyo anaamini na kuta.

Mbinu ya tatu nitaipitia haraka. Mauaji yalipoanza usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Aprili 1994, hayakuitwa mauaji. Yaliitwa kazi. Wazungumzaji wa Kiswahili tunalisikia neno gukora na kuhisi ujirani wake na lugha zetu: kufanya kazi. Kwa miaka mingi Wanyarwanda walikuwa wakiitwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji, kila mtu na panga au jembe lake, na asiyefika anaulizwa. Uchochezi ukavaa nguo za umuganda: zana zilezile, amri kutoka kwa viongozi walewale, aibu ileile kwa asiyefika.

Sasa swali la mwanafunzi wako: redio ilichangia kiasi gani? Watafiti hawakubaliani, na kutokubaliana kwao kunafundisha. Scott Straus aliwahoji wafungwa 210 waliokiri kushiriki. Wengi walieleza kwamba walichukuliwa ana kwa ana, na kundi lililopita nyumbani, kwenye mkutano au kwenye kizuizi cha barabarani, wakaenda kwa kuogopa vita na kwa kuwaogopa wenzao. David Yanagizawa-Drott alifuata njia nyingine. RTLM ilikuwa na mitambo miwili ya FM, mmoja Kigali na mwingine Mlima Muhe, na Rwanda ni nchi ya vilima: kijiji kimoja kinapata mawimbi, cha pili kimekingwa na kilima. Akalinganisha vijiji hivyo na idadi ya watu walioshtakiwa. Katika makala yake ya mwaka 2014 alikadiria kwamba asilimia 10 hivi ya ushiriki katika mauaji, watu wapatao 51,000, ilitokana na matangazo hayo. Akaona pia kwamba mashambulizi ya wanamgambo yaliongezeka hata katika vijiji vya jirani.

Kwa maoni yangu, hao wawili wanaeleza mto mmoja kutoka kingo mbili. Redio iliwafikia wachache moja kwa moja, nao wakabisha hodi kwa wengine. Aliyefunguliwa mlango hakusema "redio imeniambia", alisema "jirani amekuja na kundi." Ndiyo maana nakataa jibu la kwamba redio iliwaroga watu. Jibu hilo linamwondolea lawama aliyebisha hodi na aliyetoka naye. Hata mahakama ilitofautisha hatua. Katika hukumu ya rufaa ya Novemba 2007, majaji hawakuridhika kwamba matangazo ya kabla ya 6 Aprili 1994 yalikuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Waliyotia hatiani ni ya baada ya hapo. Sheria hupima hatua ya mwisho. Mwalimu anaweza kufundisha hatua zote zilizoitangulia.

Nguvu ya jirani imepimwa. Katika miaka ya 1950 Solomon Asch aliweka mtu mmoja kati ya wengine waliopangwa kusema uongo, wote wakaulizwa mistari ipi ina urefu sawa. Jibu lilionekana kwa macho. Hata hivyo, takribani theluthi ya majibu ya wahojiwa ilifuata kosa la kundi. Lakini Asch alipomweka mtu mmoja tu wa kusema ukweli kabla ya mhojiwa, makosa yalishuka hadi karibu asilimia 5. Mtu mmoja tu, Mwalimu! Ndiyo maana propaganda zote humwandama mpinzani wa kwanza kwa ukali usiolingana na nguvu zake. Haogopwi kwa nguvu zake, anaogopwa kwa sababu anavunja picha ya kwamba wote wamekubali.

Rwanda yenyewe ilitoa ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, kuhusu vijiji viwili vinavyogombana na watu wanaothubutu kupinga uchochezi. Elizabeth Levy Paluck aliyafuatilia makundi ya wasikilizaji kwa mwaka mzima, akiyalinganisha na mengine yaliyosikiliza mchezo wa afya. Imani za watu binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kile walichodhani kinakubalika katika jamii yao, pamoja na mwenendo wao. Mwishoni kila kundi lilipewa redio kaseti na kanda zake. Makundi ya mchezo wa afya yalielekea kumwachia kiongozi wa eneo azitunze. Ya Musekeweya yalijadiliana zaidi namna ya kuzitumia kwa pamoja. Mlango ulioingiza sumu ndio ulioingiza dawa: "wenzangu wanaonaje?"

Kwenye WhatsApp ya ukoo wenu mambo ni yaleyale, ila aliyekaa kwenye maikrofoni ni baba mdogo. Mwanasiasa hahitaji kuaminiwa. Anahitaji ujumbe wake ufike kwa mkono wa mtu unayemwamkia. Kuna jambo lingine. Carl Hovland na wenzake, walipochunguza filamu za jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, waliona kwamba baada ya wiki kadhaa ujumbe unaweza kubaki kichwani huku chanzo chake kikisahaulika. Hali hii hutokea zaidi pale mtu anapopata ujumbe kwanza na kuambiwa ubaya wa chanzo baadaye. Ujumbe uliosambazwa kwa kubofya hauna chanzo tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna hata cha kusahau. Alama ya mishale miwili inamaanisha umeshasambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Wafundishe wanafunzi kuitafuta alama hiyo kabla ya kusoma, si baada.

Maneno ya mafumbo nayo yapo. Kenya imelilipia neno madoadoa, lililotumika Bonde la Ufa kuwataja watu wa makabila mengine kama uchafu kwenye nguo. Mwaka 2022 tume ya uwiano na utangamano ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Fumbo ni hatari kwa sababu sentensi ya mwisho humaliziwa na msikilizaji mwenyewe: doa hufanywa nini? Huondolewa. Mtu hupenda na kutetea hitimisho alilolifikia kwa akili yake kuliko lile aliloambiwa.

Sasa darasani. Anza na jaribio la kurudia, kwa kuwa mwanafunzi akiona akili yake mwenyewe ikiteleza hasahau. Andaa sentensi 20 zisizo na madhara, 10 za kweli na 10 za uongo, ambazo darasa halina uhakika nazo. Mfano mzuri kwa Kigoma: "Ziwa Tanganyika lina kina kirefu kuliko ziwa lolote duniani." Ni uongo, Baikal linalizidi. Kila mmoja aipe kila sentensi alama 1 (hakika ni uongo) mpaka 7 (hakika ni kweli), kisha kusanya karatasi zote bila kutoa majibu. Baada ya wiki mbili leta sentensi 20 tena: 10 za zamani, nusu za kweli nusu za uongo, na 10 mpya kwa mgawanyo huohuo. Tafuta wastani wa uongo wa zamani na wastani wa uongo mpya, uwaandikie ubaoni. Tofauti inaweza isifike hata alama moja, kwa hiyo usiwaahidi muujiza. Jaribio huharibika wakibeba karatasi nyumbani, sentensi zikiwa rahisi mno, au ukigusa siasa, dini, kabila au magonjwa, maana hapo unapanda uongo wenye madhara kwa mikono yako. Majibu sahihi yatoke siku ileile ya pili, kabla kengele haijalia.

Kipindi kinachofuata kiwe cha chanjo. Mapema miaka ya 1960 William McGuire alichunguza imani ambazo hakuna aliyewahi kuzipinga, kama vile kupiga mswaki kila baada ya mlo, akaona zinavunjika kirahisi. Waliopewa kwanza hoja dhaifu ya kupinga pamoja na jibu lake walisimama vizuri kuliko waliopewa sifa za imani hiyo peke yake. Gawa darasa kwenye makundi ya watu watano. Kila kundi litunge kwa dakika 10 propaganda dhidi ya waendesha baiskeli wa mji wa kubuni, likitumia jina la kudhalilisha, mashtaka ya kioo na dai la "wote tumekubaliana". Makundi mengine yataje kila mbinu kwa jina na kuijibu. Walengwa wabaki wa kubuni. Siku utakayoruhusu kundi halisi la watu, hata kwa mzaha, simamisha somo.

Kosa ninaloliona zaidi katika masomo ya namna hii ni kuonyesha uongo tu. Mwanafunzi anatoka akiamini kila habari ni ya kupikwa, na mtu asiyeamini chochote hana pa kusimama; anamfuata mwenye sauti kubwa. Ukileta jumbe 10 za kuchunguza, tano ziwe za kweli, na mwanafunzi apate alama sawa kwa kuitambua kweli kama kwa kuukamata uongo.

Kwenye kundi la ukoo, usianze na neno "uongo" wala usiuweke ule ujumbe tena, maana utakuwa umeurudia kwa niaba ya aliyeutunga. Ukweli uje kwanza, kosa litajwe mara moja kwa ufupi, ukweli umalizie. Mtangulie baba mdogo faraghani ili asiaibike, lakini andika na hadharani, kwa ajili ya wale 40 wanaosoma kimya. Tuseme uongo unaosambaa ni kwamba vituo vya kura vitafungwa saa 6 mchana. Andika kitu kama hiki: "Shikamoo baba mdogo na wazee wote. Tume imetangaza vituo vitafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Ule ujumbe wa saa 6 mchana haujatoka kwao. Anayekwenda kupiga kura ana muda mpaka saa 10." Na kabla hujautuma, mpigie shangazi au binamu mmoja anayeheshimika, umwombe aandike "ni kweli, hata mimi nimeliona tangazo" ndani ya dakika chache, mradi awe ameliona kweli.